Ng'ombe wa Mjane na Gari Langu la Moshi

Wenye mashamba wote wa bonde letu la Wales walikubali reli yangu ipite, isipokuwa mjane mmoja, na shamba lake ndilo lililokuwa katikati. Aliamini uvumi wa bondeni kwamba gari la moshi hukausha maziwa ya ng'ombe. Basi nilimwomba akamue kando ya reli ya majaribio, huku mashine niliyohangaika nayo miaka tisa ikipita.

"Bwana Prydderch," alisema akivuta kigoda, "ng'ombe wangu akikauka, nitakukamua wewe."

Maziwa yakaanza kugonga ndoo, chwaa, chwaa. Mashine ikaja ikiunguruma, ikapiga kipenga, ikatufunika moshi.

Sauti ya maziwa ikakatika.

Miaka tisa! Moshi ulipotawanyika nilichungulia ndoo. Povu lilikuwa limetulia. Lakini ng'ombe alikuwa anacheua tu, akifukuza nzi kwa mkia. Tone la maziwa lilining'inia kwenye chuchu, likaanguka, na jingine likajitokeza lenyewe.

Ndipo nikaiona mikono ya mjane. Vidole vilikuwa vimekakamaa hewani, mbali na chuchu.

"Mama," nilimwambia taratibu, "ng'ombe hajambo. Ni wewe uliyeacha kukamua."

Aliitazama mikono yake, kisha akawatupia jicho majirani waliojazana nyuma ya ukuta wa mawe.

"Wale wasilisikie hilo," alininong'oneza, akiishika chuchu upya. "Leta karatasi yako ya reli nitie sahihi."