Waliokimbia Kikao

Mshonaji aliizima simu, akaitia ndani ya kiatu, kiatu akakisukuma kwa mguu mpaka chini kabisa ya kitanda.

"Watapiga weee mpaka wachoke," alisema. "Leo ni siku yangu ya mwisho ya mapumziko. Kijiti, vaa tuondoke."

Kijiti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha pili, anajifunga kitambaa kichwani. Jina hilo alilipata ujanani kwa wembamba wake, na ugonjwa ulikuwa umemkondesha zaidi. Ilikuwa miguu tu iliyovimba, viatu vyake havimwingii tena, kwa hiyo alivaa ndara za mshonaji. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Kesho asubuhi wangelazwa wote wawili katika hospitali iliyo kilimani, juu ya bandari, mshonaji atolewe figo moja apewe yeye.

Ndiyo maana simu zilikuwa hazikatiki. Watoto wa mshonaji walikuwa wameitisha kikao cha familia kumkataza mama yao. Wakapika, wakapanga viti sebuleni, wakamwita na mjomba wao aje kuwa mwenyekiti. Mama mwenyewe hakutokea. Alikuwa keshapanda basi na Kijiti, wamekodi chumba chenye dirisha la baharini, wanapunga upepo.

Waliteremka ngazi polepole, Kijiti ameshika ukuta. Uani, mwenye nyumba alikuwa anaanika mashuka, vibanio vya nguo amevibana mdomoni. Akavitoa ili aongee.

"Haya, ndugu wawili, leo wapi tena?"

"Kuoga baharini," alijibu mshonaji.

"Na mgonjwa pia?"

"Huyo ndiye aliyeniamsha!"

"Mnafanana hadi ukaidi," mwenye nyumba akasema, akacheka.

Walipita mbele ya duka la kamba na rangi za meli, wakasimama kidogo kutazama winchi ikinyanyua makasha gatini. Kwenye kibanda cha vinywaji mshonaji alijinunulia aiskrimu. Kijiti alipewa kipande cha barafu tu, maana daktari alimpimia maji ya kunywa kwa siku, na kiu ikizidi ananyonya barafu.

"Unairamba mbele yangu, dada? Huna hata huruma?"

"Huruma yangu utaiona kesho. Leo niache nile."

Baharini waliingia na magauni yao. Maji yalipofika magotini, wimbi likamzoa mshonaji, likamkalisha chini puu! Kijiti alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Marehemu angetuona!" alisema.

Alikuwa anamtaja mume wa mshonaji, aliyefariki zamani.

"Angetuonea wapi?" mshonaji alijibu, anatema maji ya chumvi. "Angekuwa kule juu barabarani, anaogopa maji kama paka."

"Na anauliza chakula kitaiva saa ngapi."

Walicheka tena, maji yanavuta mchanga chini ya nyayo zao.

Baadaye walikaa ufukweni, magauni yanakauka mwilini. Kijiti alichora chora mchangani kwa kidole.

"Dada, ukighairi sitakulaumu. Daktari alisema hata ukiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji unaweza kurudi."

"Nimeshona sare za shule maisha yangu yote. Nikishakata kitambaa, kimekatwa."

"Wanao watanichukia."

"Wanakuchukia tayari. Unadhani kuna nafasi ya kuongeza?"

Kijiti alitaka kulia, akajikuta anacheka. Mshonaji akamfuta mchanga shavuni kwa kidole gumba, kile kilichokomaa kwa sindano, bila upole wowote, kama anayefuta meza.

Jua lilikuwa linazama waliporudi. Mwenye nyumba aliwangoja mlangoni, simu yake mkononi.

"Mwanao wa kwanza huyu. Namba yangu sijui kaitoa wapi. Kapiga tangu mchana, naona aibu kumkatia tena."

Mikono ya mshonaji ilikuwa na mchanga. Alimwomba mwenye nyumba aishike simu na kuiweka sauti kubwa.

"Mama, tumekaa kikao bila wewe," alisema mwanawe.

"Vizuri. Mmekula?"

"Mama! Tumeamua hutoi figo."

"Mmeamua. Na figo iko tumboni mwa nani?"

Upande wa pili mjomba alisikika akikohoa.

"Mama, wewe ni mtu mzima," kijana alianza tena, sauti imeshuka. "Ukifia huko kitandani, sisi tutamwambia nani?"

"Mtaambiana wenyewe. Nikizeeka zaidi ndiyo nitakuwa sifi?"

Mwenye nyumba akashindwa kuvumilia. Akaileta simu karibu na mdomo wake.

"Mwanangu, mwache mama yako! Mtu na mdogo wake, ziwa moja. Wewe ungeweza kumtazama wako akifa?"

Simu ilitoa kicheko kikavu.

"Mdogo wake? Kawaambia hivyo? Mama yangu hana mdogo. Huyo ndiye mwanamke aliyemchukua baba yetu, mimi nikiwa darasa la tatu. Hatukumwona tena nyumbani mpaka tunamzika."

Mwenye nyumba aligeuka kumtazama Kijiti. Kijiti aliinamisha kichwa, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Mshonaji alimdaka mkono, akamvuta, akamsimamisha palepale ubavuni pake.

"Mume alimchukua bila kuniomba," aliiambia simu. "Figo nampa, na hiyo pia hajaniomba. Kalaleni."