Kochi Lililotolewa Nje

"Poleni sana," alisema mzee mmoja asiyejulikana. Akaegesha mkokoteni wake mtupu kando ya ukuta, akavua ndara, akaketi pembeni mwa mkeka na kuinamisha kichwa.

Tima alibaki na makasi mkononi.

"Shikamoo, mzee. Pole ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mungu awape subira," akajibu yule mzee, akanyamaza kama mtu aliyekwisha maliza kazi yake.

Kwa hali ya kochi lililokuwa mbele yao, pole haikuwa mbali na haki. Lilipotolewa katika hoteli moja ya Nyali lilikuwa limekwisha staafu. Hapa Mishomoroni, kwa Bi Tumu, likaanza maisha ya pili ya kuchoma watu misumari. Idd ya mwaka juzi lilimchania buibui mke wa Mjomba Khamis, na tangu siku hiyo wana wawili wa Bi Tumu wakapata udhuru waliokuwa wakiutafuta: kwa mama hakuna pa kukaa. Khamis huuza vitunguu soko la Kongowea, mwendo wa kutafuna tambuu moja. Abdillahi anakaa Changamwe. Makka amekwenda kuhiji mara mbili; Mishomoroni kwa mama, inshallah.

Tima, mjukuu wa Bi Tumu, alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu Nairobi na shahada inayothibitisha kwamba anaielewa jamii. Kazi hakupata, basi akaamua aanze na jamii yake mwenyewe. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba ukimtengenezea mtu pa kukaa, atakuja. Alikuwa na sufi ya mito iliyopasuka, magunia ya sukari, masalio ya kitambaa cha pazia, na kipande cha msasa alichopewa na seremala kwa huruma.

"Likishatengenea, bibi, nawaalika Ijumaa," alisema asubuhi ile wakinywa chai.

"Inshallah. Lakini humu ndani hamna nafasi. Litoe nje. Toa na viti, na meza. Kisha tandika mkeka ule mkubwa, ukatie kitambaa hapo."

Baada ya hapo Bi Tumu alisema kichwa kinamgonga, akaingia chumbani na kufunga mlango. Kwa mgonjwa, alinukia udi vizuri sana.

Majirani wawili walikuja kusaidia kuchambua sufi. Wakajitanda leso kwa ajili ya vumbi, sufi ikawaingia machoni, wakawa wanajifuta machozi. Sasa mtu wa pwani akipita njia akaona vyombo vya ndani viko nje, mkeka umetandikwa, wanawake wamejitanda wanalia, na mzee ameketi kimya kainama, anahitaji kuambiwa nini tena?

Aliyefuata alivua viatu bila kuuliza. Na aliyemfuata huyo.

"Jamani, hakuna aliyekufa!" Tima alipaza sauti. "Tunashona kochi!"

"Ndiyo hivyo, mwanangu, lia tu," mwanamke mmoja akamkumbatia. "Usiyaweke moyoni. Sisi tumesikia sokoni tangu alfajiri."

Tima akakimbilia mlango wa chumbani. "Bibi! Watu wamejaa nje, wanadhani ni matanga!"

"Waache waketi," sauti ikajibu. "Mgeni hafukuzwi. Wewe maliza kushona."

Basi Tima akashona, huku bibi yake akisifiwa kushoto na kulia na watu ambao mwaka mzima hawakumletea hata chumvi. Mkarimu. Mcha Mungu. Mama wa wote. Sufuria ya wali ililetwa na jirani aliyemnunia Bi Tumu tangu ule ugomvi wa kuku.

Adhuhuri Mjomba Khamis alitokea mbio, kofia mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii si kwa vitunguu. Nyuma yake teksi ikamshusha Abdillahi, aliyepigiwa simu kazini. Kumbe Changamwe si mbali.

Khamis akaanguka kizingitini. "Mama! Mama yangu! Jana nilisema nitakuja kesho!"

Mlango ukafunguka. Bi Tumu akatoka, kajifunga leso mpya, macho kayatia wanja.

"Abee, mwanangu," akasema. "Ndiyo kesho yenyewe. Umekula?"

Kelele zilizofuata zilisikika hadi barabarani. Abdillahi alilia mbele za watu kama mtoto, kichwa magotini pa mama yake, juu ya kochi ambalo Tima alikuwa ndiyo kwanza amelipigilia msumari wa mwisho. Mke wa Khamis, aliyefika nyuma ya mumewe, alilipapasa kwanza, akakaa, akakiri limekuwa kama jipya. Wali ukaliwa. Ijumaa ikapangwa, na Ijumaa nyingine baada yake. Aibu iliwazuia wote kuuliza nani aliyeanza.

Tima alitandaza vitambaa vya kufuma juu ya kochi, kifua kimemjaa fahari. Nadharia yake ilikuwa imethibitika. Watu wakipata pa kukaa, huja.

Alasiri, wengine walipokwisha ondoka, yule mzee wa asubuhi alikuwa bado yuko mkekani.

"Mzee, ulikosea nyumba," Tima alimwambia, "lakini umetuletea baraka."

Mzee akatabasamu, akausukuma mkokoteni wake mpaka ubavuni mwa kochi.

"Tima, shika upande ule," alisema Bi Tumu. Aliviondoa vile vitambaa vya kufuma, akavitazama, kisha akavirudisha pale pale. "Nzai, kwa kazi ya sokoni na ya mkekani mimi nilikuahidi kochi bovu. Niwie radhi, mjukuu wangu amelishona."