Mtoto wa Pimbi Aliyekataa Kula

Siku moja walikuwapo Nguchiro mjuaji, Kanga mwenye huruma, Kakakuona mwenye haya, na mtoto wa Pimbi aliyefiwa na mama yake. Mtoto huyo alikuwa hajala kwa siku mbili, na shingo yake ilianza kulegea.

"Mtoto ni tumbo tu," alisema Nguchiro, akimrundikia majani mabichi. "Likijaa, hana neno."

"Mbona hayagusi, kaka?" aliuliza Kanga. "Huenda ana majonzi."

"Majonzi yatoke wapi, dada? Huyu hata jina lake halijui."

Kakakuona akasogea polepole.

"Weka mbali hayo magamba, shangazi!" alifoka Nguchiro. "Utamkwaruza!"

Kakakuona alilala ubavu, akajikunja, akamweka mtoto tumboni, mahali pasipo na magamba. Mtoto alitetemeka, kisha akatulia. Baada ya kitambo akatoa kichwa, akavuta jani moja, akatafuna.

"Umempa dawa gani?" aliuliza Nguchiro.

"Sikumpa kitu, mwanangu. Nimemkumbatia tu."

Nguchiro hakuamini. Alimwomba Kakakuona ajitenge kidogo, na mtoto akaacha kula. Kakakuona aliporudi, mtoto akala tena.

Nguchiro akajikuna kichwa. "Shangazi," alisema kwa sauti ya chini, "hapo ndani pakoje?"

"Njoo uone. Nafasi ipo."

Kanga alicheka hadi akakaa chini. Nguchiro aliingia na maswali saba, akasinzia kabla ya kuuliza la pili.

Mtoto wa Pimbi alikua, akapata wanawe, na siku zote alimwita Kakakuona mama.