Hodi Moja

Laurencia alikuwa na chumba kimoja cha kupangisha watalii, na mifumo miwili ya tovuti ya kuchagua.

"Huu wa kwanza ni bubu, mama," alisema fundi wa intaneti kafe pale Karatu. "Unaweka picha, watu wanatazama, basi. Huu wa pili, wageni wanakuandikia hapo hapo, hata matusi."

"Nipe wa matusi. Bubu nimeshaolewa naye."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Akaifungua tovuti, picha ya chumba ikateremka polepole kwenye kioo: pazia la maua, kitanda kitupu, shuka jeupe lililonyooshwa kwa kiganja.

Anwani ya tovuti hawakuwa wamemwambia mtu. Hata hivyo, chini ya picha likatokea neno: *Hodi.*

"Mgeni huyo!" alisema fundi. "Mjibu, asije akaenda kwa jirani."

Kwao kijijini Buger, aliye hai hubisha hodi mara tatu. Ikija moja tu, watu hunyamaza kimya mpaka mbisha hodi achoke. Laurencia aliyajua hayo tangu ananyonya. Lakini njaa ya mgeni ni njaa, na vidole vilikuwa vimeshaandika: *Karibu ndani.*

Picha ilitetemeka, ikatulia. Katikati ya kitanda, shuka lilikuwa limebonyea.

Fundi hakucheka tena.

Maneno mapya yakaja: *Asante, nimeshakaa. Huyu mtoto ni wako?*

Laurencia aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Picha ile aliipiga wiki iliyopita. Mtoto alimlaza chumbani humo leo asubuhi, akafunga mlango kwa nje.