Chuma Kilisema Bado

Siku hizi daktari akikuruhusu, bado hujaruhusiwa. Chuma chenye akili bandia alichokutia mgongoni ndicho chenye neno la mwisho. Binti yangu Mgeni, mfungaji wa netiboli, daktari alishamwambia amepona, chuma kinamwambia, "Bado."

Sauti ya chuma hicho ni laini, kama ya wifi mnafiki. Mgeni akiinama kuosha vyombo, "Bado." Akisujudu mbele ya Mola wake, "Bado." Hapo ndipo kiliponichosha.

Leo kuna mechi. Mgeni kavaa jezi, lakini kufunga kamba za raba hawezi, chuma kimemkaza.

"Mama, wenzangu wananiita Bibi Mlingoti."

"Waache waseme. Kuinama kimekunyima, kuruka hakiwezi kukunyima. Lete mguu."

"Bado," kikasema.

"We nyamaza! Mgongo huu una Mwenyewe, na si wewe."

Nikapiga goti, nikasema bismillahi, nikashika kamba.

"Mama Mgeni," kikasema taratibu, "na hilo goti lako la kulia halijapona. Inuka."

Mimi sijawahi kutiwa chuma mwilini. Goti linaniuma kweli tangu alfajiri, na sikumwambia mtu.

Nikakaza fundo la kamba, nikafunga la pili juu yake.

"Nenda kacheze, mwanangu."