Sauti Iliyobaki Chamani

Siku Baba Tunu alipoapishwa kuwa naibu waziri, sauti yake ilibaki chamani. Ndivyo sheria inavyotaka: kiongozi wa chama cha wafanyakazi akiingia serikalini, sauti yake inabaki kwenye mashine ya chama, iendelee kuwasemea wenzake, naye anapewa nyingine. Hii aliyopewa ni nyororo, wanayo manaibu wote. Ni miezi saba sasa, na akiniita kutoka chumbani, bado nadhani tuna mgeni.

Jana wafanyakazi wa kiwanda cha mkonge waligoma. Mchana tulikuwa mezani, yeye akijisomea hotuba ya kuwaamuru warudi kazini kabla ya saa kumi, la sivyo wafukuzwe. Mara kipaza sauti cha kiwandani kikasikika hadi dirishani kwetu. Ile sauti ya kukwaruza niliyoolewa nayo ikauliza, kama ilivyouliza kila mgomo kwa miaka kumi na tisa:

"Nani hajala?"

Nikainuka, nikalifunga sufuria la wali kwa kanga.

"Mama Tunu, unampelekea nani?" akauliza, kwa upole wa manaibu wote.

Nikamtazama.

"Kwani si wewe umeuliza sasa hivi?"