Mlio wa Adhuhuri

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa na swali moja tu: kirusi kifutwe au kiachwe? Y kufuta, N kuacha. Ruweyda aliweka kidole juu ya Y bila huruma. Kirusi hicho kilikuwa kimepanda disketi zake hadi kazini, na wiki nzima kompyuta za ofisi yao ya Garissa zilikuwa zikilia kila adhuhuri kama vifaranga. Bosi alishaanza kumwangalia vibaya.

Kabla hajabonyeza, kompyuta ikalia mara tatu.

"Nimekula, mwanangu!" mama yake akaitikia kutoka jikoni.

"Hooyo, unamjibu nani?"

Mama akaja, mikono imelowa samli. "Kaka yako. Kabla hajaenda Kanada alikaa hapo siku nzima akigongagonga. Akaniambia, 'Hooyo, hii ikilia adhuhuri, ni mimi nakuuliza kama umekula.' Wewe huwa kazini, utajuaje?"

Akaipapasa kompyuta taratibu, kama anavyopapaswa ndama wa ngamia. Ruweyda akaziona alama za vidole vya samli juu ya plastiki, mpya juu ya za kale, zile alizozoea kuzifuta kila Ijumaa huku akinung'unika.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

Ruweyda akazitoa disketi za ofisi mezani, akazifungia kabatini. Kisha kidole chake kikahamia kwenye N, kikabonyeza.

"Hooyo," alisema, "hujamwambia umekula nini."